Mlimani Baiskeli Husukumwa

“Waambie watusamehe, huko lami bado haijafika.”

Fundi wangu wa baiskeli pale Ujiji alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa, utadhani yeye ndiye waziri wa ujenzi. Mbele yake walikuwa wamesimama wageni wawili, mume na mke kutoka Ubelgiji, walioshuka kwenye treni Kigoma na baiskeli zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Walikuwa wanaulizia njia za ndani za kwenda Kasulu kwa kupitia milimani. Mimi nilikuwa mkalimani wa bahati tu, nimekaa kwenye benchi nasubiri kiraka changu kikauke.

Nikawatafsiria. Wakatazamana, wakagonganisha viganja kwa furaha kama watu waliofunga goli.

Walipoondoka fundi akaniuliza, “Yaani hawa wamepanda ndege, wakapanda na treni, wamefuata vumbi?”

“Wamefuata vumbi, Fundi.”

“Si wangesema mapema, ningewafungia kwenye kiroba.”

Tulicheka, lakini jambo lile lilinikaa. Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta hao wafuata vumbi ni watu gani, na kumbe ni mchezo mzima. Kule Emporia, katika jimbo la Kansas, Marekani, tangu mwaka 2006 watu hukusanyika kila mwaka na kunyonga baiskeli maili 200 za changarawe, yaani kilomita 320 na ushee, kwa siku moja. Italia, kwenye vilima vya Toscana, kuna kijiji kiitwacho Gaiole in Chianti ambako mwaka 1997 walianzisha L'Eroica, msafara wa baiskeli za mbio za zamani, zile zilizotengenezwa kabla ya 1987, unaopita kwenye barabara nyeupe za changarawe. Mojawapo ya nia zao ilikuwa kuziokoa barabara hizo zisimezwe na lami.

Hapo nikarudi nyuma nikasoma tena. Zisimezwe na lami! Huku kwetu mtu akitaka kura anaahidi lami. Akitaka kura nyingi zaidi anaahidi lami na taa.

Nikaamua nizunguke mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Ujiji, ila upande wa mama ni Waha wa Kalinzi, na miaka yote ile ya kwenda kusalimia milimani nimekwenda kwa gari. Safari hii ingekuwa Ujiji, Mwandiga, Kalinzi, Manyovu, Buhigwe mpaka Kasulu, na kila panapowezekana tuiache barabara kuu tupite njia za ndani. Mwezi wa sita, maana mvua zimekata na tope jekundu limegeuka vumbi jekundu. Mwenzangu alikuwa mpwa wangu, kijana wa bodaboda, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa na wazo moja tu: “Mjomba, si pikipiki ipo?”

Baiskeli yangu ni mtumba, ya gia, frimu ya chuma, tairi pana kiasi. Ya mpwa wangu ni Phoenix nyeusi ya baba yake, ile ya Kichina isiyo na gia wala huruma, keria yake imeongezwa nondo. Tulizipeleka zote kwa fundi. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kwenye changarawe upepo unapunguzwa kidogo ili tairi ilale na kushika njia, nami nikamweleza hivyo kwa unyenyekevu wote. Akaniangalia kama nimetukana. Akapiga pampu mpaka tairi ikalia ukiigonga kwa kidole.

“Tairi laini ni pancha inayosubiri siku yake,” akasema. Nikanyamaza. Kubishana na fundi huku baiskeli yako iko kichwa chini miguu juu, pedeli mkononi mwake, ni ujinga.

Nilipenda kumwangalia akifanya kazi. Ana beseni la maji kwa ajili ya kutafutia tundu, kipande cha msumeno cha kukwangulia mpira kabla ya kupaka solusheni, na kopo la spoku zilizokwishatumika ambazo huzinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Baiskeli ya kubeba mizigo akiipokea mpya kutoka dukani, kwanza anaibomoa. Breki za dukani anazitoa. Keria ya dukani anaitupa, anaweka ya nondo iliyochomelewa. Uma wa mbele anauongezea vyuma viwili pembeni. “Waliotengeneza hii walidhani mtu atakaa juu yake,” aliniambia, na wakati ule sikumwelewa vizuri.

Kuhusu Ujiji yenyewe sitasema mengi. Habari ya Stanley kumkuta Livingstone pale mwaka 1871 kila mtoto ameimba shuleni, na mwembe waliokutana chini yake ulishakufa zamani. Miembe iliyopo leo kwenye eneo la makumbusho inasemwa ni uzao wake. Ila ukiwa na baiskeli kuna jambo moja unaliona ambalo kwenye gari hulioni: Ujiji ni mwisho wa njia ya miguu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika hapa Februari 1858, walifuata njia ambayo wapagazi walikuwa wameshaikanyaga, kutoka Bagamoyo kwa kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa watu, na watu wenyewe wakashushwa wakiwa wamefungwa. Miembe mikubwa ile ya Ujiji na Tabora ni alama ya njia hiyo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na Ujiji ikabaki na miembe, misikiti na Kiswahili cha pwani katikati ya nchi ya Waha. Tulitoka alfajiri, wauza chapati wakiwasha majiko. Mambo ya maana kwangu yalikuwa bado yako mbele, huko juu.

Mpaka Mwandiga ni lami na malori. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu nako ni lami, kilomita 60, na anayetaka kufika haraka aifuate hiyo. Sisi tuliiacha mara tu tulipopata upenyo, tukaingia njia ya ndani inayokatiza kwenye migazi, yaani michikichi, na mashamba ya mihogo kuelekea Bitale. Hapo ndipo nilipojificha nyuma ya mgazi, nikajifanya nachimba dawa, nikapunguza upepo kwenye tairi zote mbili. Mpwa wangu aliniona. Alichosema ni, “Mimi sijaona kitu, Mjomba.”

Na kweli tofauti ikaonekana. Baiskeli iliyokuwa inaruka kama mbuzi ikatulia. Njia ya ndani ya Kigoma si changarawe ya kumwagwa na katapila. Ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu, na katikati yake umechongeka mfereji mwembamba wa tairi, upana wa kiganja, unaong'aa kwa kupitwa kila siku. Ukiushika mfereji huo unakwenda kama uko kwenye reli. Ukiupoteza unaingia kwenye kokoto za pembeni zinazoviringika kama kunde.

Usawa wa Ziwa Tanganyika ni mita 773 juu ya bahari. Kalinzi iko kwenye mita 1,500 hivi. Sijui nani aligundua kuandika mambo haya kwa tarakimu, maana tarakimu hazisemi kitu mpaka upande. Mlima wa kwanza nilipanda nikiwa nimekaa kitini. Wa pili nilipanda nimesimama kwenye pedeli. Wa tatu nilikuwa nimeshuka, naona aibu, nasukuma huku nikiangalia nyuma kama kuna mtu ananiona. Mpwa wangu na Phoenix yake alikuwa ameshuka tangu mlima wa kwanza na wala hakuona aibu yoyote. Alikuwa anapiga mluzi.

Mbele yetu, kama hatua mia, kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya mawese, ya lita 20 kila moja, mawili kila upande, na juu yake gunia la dagaa. Hesabu mwenyewe. Mawese peke yake ni zaidi ya kilo 70, na dagaa, na chuma. Baiskeli haikuonekana, yalionekana madumu na tairi tu.

Tulidhani tutampita. Hatukumpita. Tulipomkaribia yeye alikuwa ametulia, sisi tunahema.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Poleni na mlima, Mwalimu.” Mimi si mwalimu, ni miwani tu. Lakini jina likabaki hilo mpaka jioni.

Basi nikamwangalia kwa karibu namna anavyofanya, maana mimi nilikuwa nasukuma kwa ujinga, mikono miwili kwenye usukani, mgongo umepinda, nikiikokota baiskeli kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Yeye mkono wa kushoto ulikuwa kwenye usukani, unaongoza tu. Nguvu yote ilikuwa begani kulia, bega limeegemea mzigo, mkono umeshika kijiti kilichofungwa kwa mpira wima nyuma ya kiti. Hakupanda moja kwa moja. Alikwenda kulia mpaka ukingo wa njia, akarudi kushoto, akarudi kulia, akiukata mlima vipande vipande. Kila hatua arobaini au hamsini alisimama. Chini ya frimu alikuwa amechomeka gongo lenye panda. Analichomoa, analitegesha chini ya keria, anasukumia jiwe nyuma ya tairi kwa kidole cha mguu, na baiskeli inasimama peke yake mlimani na kilo zake zote. Yeye anapangusa jasho. Haikai dakika. Anaondoa gongo, jiwe linabaki.

Nikagundua kitu. Mawe yale yalikuwa yamejipanga njia nzima. Kila hatua arobaini au hamsini, kwenye ukingo, lipo jiwe la ukubwa wa kichwa, limelainika juu. Hakuna aliyeyapanga kwa mpango. Kila msukumaji anayeacha jiwe lake anamwachia anayefuata, na anayefuata anapumzika palepale alipopumzika mwenzake. Sijaona alama za njia zilizowekwa vizuri kuliko zile.

Nikamuuliza kwa nini asipite kwenye lami, ambako ni laini.

“Lami nzuri kwa gari,” akasema. “Mimi kupanda ni kulekule, mlima haujapungua. Sasa kushuka je? Na mzigo huu, lami inateleza kama sabuni, lori liko nyuma linapiga honi. Vumbi linamshika mtu.” Akanionyesha breki yake. Ilikuwa kandambili. Soli ya kandambili kuukuu imefungwa kwa waya chini ya uma wa nyuma. Anaikandamiza kwa kisigino inabana tairi. Kwenye mteremko mkali anashuka kabisa na kutembea nyuma ya mzigo, akiuvuta.

Nikawakumbuka wale wa Toscana. Huyu bwana hajawahi kuwasikia, na yeye ana sababu zake za kupenda vumbi ambazo sidhani kama wao walizifikiria.

Tulikwenda naye kama saa mbili. Mpwa wangu, ambaye asubuhi alikuwa analalamikia mzigo wa begi moja, alilaza Phoenix kwenye nyasi kila baada ya kipande, akarudi kusukuma madumu kwa nyuma, kisha akarudi kuchukua baiskeli yake. Kwa hiyo mlima ule yeye alipanda mara mbili. Karibu na Mkongoro tuliagana, sisi tukala, yeye akaendelea. Alikuwa anakwenda Manyovu. Nilimwuliza atafika lini. “Nikifika nimefika,” akajibu.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyokaangwa kwa mawese. Nitaacha hapo. Mtu aliyesukuma baiskeli saa tatu akisifia chakula hafai kuaminiwa.

Kalinzi tuliingia jua likizama. Ukitokea chini, kwanza hewa inabadilika, halafu migomba inakufunika pande zote, halafu chini ya migomba unaona kahawa. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Kwenye vichanja mbele ya nyumba kahawa iliyomenywa ilikuwa imeanikwa, nyeupe kama mahindi, na wanawake walikuwa wanaikunja kwenye maturubai kabla umande haujashuka. Zamani Kalinzi, ikiitwa Nkalinzi, ilikuwa na mwami wake, yaani mtawala; ulikuwa utawala mdogo uliobanwa kati ya Heru upande wa juu na Bujiji upande wa ziwani. Upande wa magharibi vilima vinashuka mpaka ziwani, na huko chini ndiko iliko hifadhi ya Gombe, alikoanza kazi mtafiti wa sokwe Jane Goodall Julai 1960. Watu wengi wanajua habari za sokwe. Wachache wanajua kwamba mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mpango uitwao TACARE kwenye vijiji vya huku, baada ya yeye kuona kutoka angani jinsi vilima vya nje ya hifadhi vilivyobaki vipara. Miti, kahawa, maji, mikopo ya akina mama. Nikiwa mtoto nilikuwa nadhani miche ile kwenye viriba ni ya shangazi peke yake.

Kwa bibi tulipokewa kama desturi. Bibi yangu mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, alitoka nje, akainama kidogo na kupiga makofi polepole, “Mwakeye, mwakeye,” ingawa ilikuwa jioni na mwakeye ni ya asubuhi. Anasema kwa mgeni aliyepotea miaka mitatu asubuhi ndiyo kwanza imeanza. Nasi tukapiga makofi. Kisha akazitazama baiskeli zetu, vumbi limeganda mpaka kwenye spoku, akatutazama sisi, akauliza gari limeharibikia wapi.

Usiku ule nikapata habari ya baiskeli ya babu, ambayo nilikuwa nimeisikia vipandevipande lakini sikuwahi kuipata yote.

Babu alikwenda manamba miaka ya hamsini. Kigoma wakati wa ukoloni ilikuwa ghala la vibarua: mkonge ulikuwa Tanga na Morogoro, mikono ya kuukata ilitoka huku. Mtu alipewa kadi yenye namba, akawa namba, ndiyo maana ya neno lenyewe. Babu alikata mkonge Kimamba. Mkataba ulipokwisha akapanda treni na baiskeli aina ya Raleigh, mpya, karatasi bado imezungushiwa frimu. Akashuka nayo Kigoma, mwisho wa reli. Kutoka pale mpaka Kalinzi ilimchukua siku mbili.

“Siku mbili kwa baiskeli?” nikauliza.

“Aliisukuma,” bibi akasema. “Alikuwa hajui kuipanda.”

Na hakujifunza kamwe. Baiskeli ilining'inizwa kwenye paa ndani ya nyumba, imefungwa gunia isiingie moshi. Ilishushwa kwa mambo ya maana: kumpeleka mgonjwa, kupeleka ndizi, kubeba mizigo ya harusi ya mama yangu. Mara zote ilisukumwa. Watu wa vilima vya jirani walikuja kuiazima na wao wakaisukuma. Bibi hakuona kichekesho chochote hapo. Mimi nilikuwa nimejikunja kwa kucheka, yeye akasubiri nimalize, akaniuliza, “Wewe leo umepanda mlima wa Bitale umekaa juu yake?”

Nikakoma kucheka.

Asubuhi alinionyesha kitu kingine. Nyumba za kijiji, kama zilivyo sehemu nyingi za mkoa wetu, zimejipanga kando ya barabara kama wanafunzi mstarini. Mgeni ataviita vijiji vya asili. Si hivyo. Waha waliishi wametawanyika, kila ukoo na kilima chake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya za mwanzo kabisa, na watu wakahamishiwa kwenye vijiji. Mwaka 1973 ndipo ikatangazwa kwamba nchi nzima iwe imehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976. Bibi alinyoosha mkono kuelekea kilima cha pili, mahali palipobaki mkuyu mmoja na kichaka cha migomba isiyo na mwenyewe. “Pale palikuwa kwetu,” akasema, kwa sauti ileile ambayo angesema pale pana duka. Njia ya kwenda huko ipo bado. Hakuna nyumba, hakuna shule, hakuna kisima, lakini njia iko safi, imekanyagika, kwa sababu watu walihama na mashamba hayakuhama. Kila asubuhi wanapanda kwenda walikotoka.

Tangu hapo kila nilipoona njia ndogo inayopanda kilimani pasipo na nyumba, nilijua inakwenda wapi. Tulipita tatu au nne za namna hiyo kati ya Kalinzi na Matyazo, na kwa baiskeli ndizo nzuri kuliko zote: nyembamba, hazina gari, zinafuata mgongo wa kilima badala ya kukivunja. Ramani ya simu haizijui. Uliza. Ila uliza mtu mzima, na usiulize “hii njia inapitika?” maana kwa mtu wa huku kila njia inapitika. Uliza, “Mwenye madumu anapita?” Akisema anapita, twende.

Manyovu sitakaa sana. Ni mpakani, kuna pilikapilika za mpakani, na vilima vya Burundi viko palepale kana kwamba vinaazima chumvi. Beba kitambulisho cha taifa. Tuliulizwa mara mbili, kwa heshima, na mara zote mbili swali la pili lilikuwa kwa nini watu wazima wawili wanakwenda Kasulu kwa baiskeli na wakati gari zipo. Jambo la maana Manyovu ni kwamba tulimkuta mtu wetu. Amekaa kwenye kivuli cha kibanda, anakunywa chai, baiskeli tupu imeegemea ukuta na madumu matupu yamefungwa kwa kamba kama mabua. Alikuwa amefika alfajiri. Sisi tulikuwa na gia ishirini na moja kati yetu, zote kwenye baiskeli moja.

“Karibuni chai, Mwalimu,” akasema. “Poleni na mlima.”

Kutoka Manyovu mpaka Kasulu, kwa kupitia Buhigwe, ni kilomita 68, na hapo ndipo vumbi lilipotuonyesha meno. Tulikuta wakandarasi wako kazini, katapila na malori ya moramu, sehemu lami imeshalazwa, sehemu barabara imechimbuliwa yote na magari yanapitishwa pembeni. Lori likipita unasimama, unafumba macho, unahesabu mpaka ishirini. Mpwa wangu alifunga shuka usoni kama mchunga ng'ombe. Mawimbi ya barabara yalitutikisa mpaka bolti ya keria ikatoka yenyewe na kupotea. Pancha mbili, zote za kwangu, na zote mpwa wangu alizitazama bila kusema lolote kuhusu upepo.

Hapo tukabishana kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimechoka, nikasema maneno ya kijinga, kwamba lami hii itaharibu uzuri wa huku, kwamba Italia watu wanalinda barabara zao. Yeye aliondoa shuka usoni. Akaniambia kuna usiku alimbeba mama mjamzito kwenye pikipiki, mvua ya Machi, barabara ya udongo, akaanguka naye mara mbili kabla hawajafika hospitali. Mama alipona, mtoto alipona. “Hao Wataliano,” akasema, “wanayo ya lami ya kwendea hospitali kwanza. Halafu ndiyo wana ya vumbi ya kuchezea.”

Sikuwa na jibu. Tukanyonga kama nusu saa kimya. Na bado naamini kuna kitu cha kutunza huku, ila si barabara kuu. Ile wailaze lami hata kesho. Ni zile njia za migongo ya vilima, zenye mawe ya kupumzikia, ambazo hakuna mkandarasi atakayezifikia wala hakuna sababu ya kuzifikia.

Karibu na Kasulu tulipinda kwenda Heru Juu. Jina lenyewe linakuonya. Hiyo Heru ndiyo iliyokuwa kiti cha utawala mkubwa wa Buha, nchi ya Waha, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni aliyekalia kiti hicho alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963. Nilikuwa nimetazamia kuona mambo makubwa, lakini kilichonifurahisha ni mzee mmoja tuliyemkuta kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji, kofia ya balagashia na koti la suti, amesimama na baiskeli yake kando ya jiwe. Tulimwamkia. Nikamwuliza kama zamani, enzi za Mwami, watu walipanda mlima huu kwa baiskeli.

“Kwenda kwa Mwami?” akasema, ameshtuka kabisa. “Kwa Mwami huwezi kufika umekaa juu ya kitu. Unashuka chini kule, unasukuma.”

Naye akaondoa jiwe kwa ncha ya kiatu, akaegemeza bega, akaendelea. Tulimfuata. Hata palipokuwa na tambarare fupi hatukupanda.

Kasulu tulilala kama magogo, kesho yake tukapakia baiskeli juu ya basi. Kondakta alitoza ya kwangu bei ya mzigo na ya mpwa wangu bure, kwa hoja kwamba Phoenix ni chombo cha kazi. Nilibishana kwa ajili ya heshima tu.

Ujiji nikaenda moja kwa moja kwa fundi, kwa sababu ya ile bolti. Aligeuza baiskeli kichwa chini miguu juu. Akazungusha tairi la nyuma, akasikiliza. Akachungulia raba za breki, akatikisa kichwa, akachomoa kokoto moja nyekundu iliyokuwa imenasa kati ya raba na rimu, akaiweka pembeni kwenye kopo la spoku. Halafu akabana tairi kwa dole gumba na cha shahada, akabana tena.

“Nani alipunguza upepo?” akauliza.

Nikamwangalia mpwa wangu. Mpwa wangu akaangalia miembe.